Chango, Tangawizi na Chai: Historia ya Tiba ya Maumivu ya Hedhi katika Msamiati wa Pwani

1. Utangulizi

Historia ya tiba katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata hospitali, misheni na kampeni dhidi ya maradhi makubwa kama vile ndui, malale na malaria. Maradhi madogo ya nyumbani, yasiyoua na yasiyohesabiwa katika taarifa za serikali, hayakupata mwandishi. Miongoni mwa hayo ni maumivu ya tumbo na kiuno yanayowapata wanawake wengi kila mwezi, ambayo tangu zamani yametulizwa kwa vinywaji vya moto vya mizizi, magome na majani.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba historia ya vinywaji hivyo haikupotea, ila imehifadhiwa mahali ambapo wanahistoria hawakuzoea kutafuta, yaani katika msamiati. Maneno yenyewe hutoa ushahidi wa biashara ya Bahari ya Hindi, wa elimu ya tiba iliyokuja kwa lugha ya Kiarabu, na wa fikira za wanawake wenyewe juu ya miili yao. Aidha itaonyeshwa kwamba msamiati huu uliingia katika kamusi kwa upungufu, na kwamba upungufu huo una athari hadi leo pale mgonjwa na daktari wanapozungumza Kiswahili wasielewane.

2. Majina ya hali yenyewe

Neno linalotumika sana katika maandishi ni *hedhi*, kutoka Kiarabu *haydh*. Njia yake ya kuingia si ngumu kuifahamu. Fikihi ya Kiislamu imeweka kanuni nyingi juu ya hali hii: mwanamke aliye katika hedhi hasali wala hafungi, na siku za saumu zilizompita huzilipa baadaye. Kwa hiyo neno hili lilisomwa chuoni na kuandikwa vitabuni, nalo likawa neno la sheria kabla ya kuwa neno la afya.

Pembeni mwake yapo maneno ya Kibantu yasiyotoka chuoni. Mwanamke husemwa kwamba *yumo mwezini*, au *yumo katika siku zake*. Msichana anayepata damu kwa mara ya kwanza husemwa *amevunja ungo*, usemi ambao kwa sura yake ya nje unahusu chombo cha kupepetea nafaka, na ambao mgeni hawezi kuufumbua kwa kujua maana ya kila neno peke yake. Kitambaa cha kujihifadhi huitwa *sodo*.

Tofauti baina ya makundi haya mawili ni ya matumizi. *Hedhi* laweza kutamkwa na shehe mbele ya hadhara bila ya kuvunja adabu, kwa kuwa ni istilahi ya dini. Maneno mengine yalikuwa ya uani, yakisemwa na wanawake kwa wanawake. Hata hivyo mipaka ya adabu huhama. Neno *sodo*, ambalo zamani lisingetajwa mbele ya wanaume, leo limo katika magazeti na katika mijadala ya siasa ya Kenya. Nchi hiyo iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikarekebisha sheria ya elimu ya msingi ili wasichana wa shule wapewe bila malipo. Neno la uani limefika Bungeni. Maneno ya maumivu hayajafika huko, na miongoni mwao lililo na uzito zaidi ni *chango*.

3. Chango

Neno *chango* lina maana zaidi ya moja. Kwanza ni utumbo mwembamba. Pili ni mnyoo wa tumboni, na hapo linakaribiana na *mchango*, ambalo wingi wake *michango* hutajwa sana katika maradhi ya watoto. Tatu, hasa katika tamko *chango la uzazi*, ni maumivu ya tumbo la chini ya mwanamke, ama wakati wa hedhi ama baada ya kujifungua. Na wako wanaolihusisha na kutoshika mimba.

Maana hizi tatu hazikukusanyika pamoja kwa bahati tu. Zinaunganishwa na umbo la kitu kirefu, chembamba, chenye kujipinda ndani ya tumbo. Vitenzi vinavyoandamana na maumivu haya vinathibitisha hayo. Mwanamke husema tumbo *linamsokota*, na kusokota ni kazi ya kupinda nyuzi ziwe kamba. Husema pia *linamkata*, au *linamvuta*. Maumivu ya kujifungua yana jina lake jingine, *uchungu*, na mwanamke akisemwa kwamba ameshikwa na uchungu hakuna atakayedhani kwamba yumo mwezini. Lugha, basi, imepambanua maumivu mawili ya mji wa mimba na kuyapa majina mawili, na moja kati ya hayo limejengwa juu ya picha ya kitu kinachojisokota.

Yafaa izingatiwe kwamba picha hii haiko mbali na elimu ya siku hizi. Mwaka 1957 mtaalamu wa Uingereza, V. R. Pickles, alieleza kwamba katika damu ya hedhi mna kitu kinachoifanya misuli laini ijikaze. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa vitu hivyo ni katika jamii ya prostaglandini, ambavyo huubana mji wa mimba na kupunguza damu inayoupitia, na maumivu hutokea. Walioita maumivu haya msokoto hawakujua kemia yake, lakini waliueleza vyema mwendo wake.

Kwa upande mwingine, wingi wa maana katika neno moja una hatari yake. Tabibu aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi, akaambiwa na mwanamke kwamba ana chango, anaweza kuchukua maana ya pili akamwandikia dawa ya minyoo. Mgonjwa ataipokea kwa adabu, ataimeza, na mwezi ujao atarudi kwenye tangawizi yake akiamini kwamba maradhi yake si ya hospitali. Katika kukosa kuelewana huku hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ametumia neno kwa maana inayokubalika.

4. Safari za viungo na za majina

Kinywaji cha kawaida cha kutuliza maumivu haya katika miji ya pwani hutayarishwa kwa vitu vya jikoni. Tangawizi hupondwa, ikatiwa katika maji pamoja na vijiti vya mdalasini na karafuu chache, pengine na iliki, yakachemshwa mpaka yageuke rangi, kisha yakachujwa na kunywewa ya moto kwa sukari au asali. Wengine hutumia uwatu, wengine mchaichai au majani ya mrehani. Lugha hutenganisha namna za kutayarisha. Mizizi na magome *hupondwa* na *kuchemshwa* kwa muda. Majani mepesi *humwagiwa* maji ya moto na *kufunikwa*. Mbegu ngumu *hurowekwa* usiku kucha. Mwenye kujua vitenzi hivi anajua nusu ya dawa.

Tangawizi si ngeni katika upwa huu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, alieleza chakula alichoandaliwa huko, na miongoni mwa vitoweo alitaja tangawizi mbichi. Basi mmea huu ulikuwa mezani mwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki yapata karne saba zilizopita. Kwa Kiarabu huitwa *zanjabil*, nalo ni jina lililotajwa katika Kurani, katika Sura ya 76, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa peponi. Licha ya heshima hiyo, Waswahili hawakulichukua jina la Kiarabu kwa matumizi ya kila siku. Jina *tangawizi* ndilo lililobaki jikoni na sokoni, ilhali majina ya viungo vingine kadhaa yalipokewa kutoka nje karibu yalivyo.

Mdalasini ni mfano mzuri. Asili yake ni Kiajemi *dar chini*, yaani mti wa China, likapitia Kiarabu *dar sini*, likafika pwani likawa *dalasini*, na likapewa kiambishi cha ngeli ya miti. Ndani ya neno hilo moja mmehifadhiwa dai la wafanyabiashara wa zamani juu ya mahali bidhaa ilikotoka. Karafuu ni Kiarabu *qaranful*. Jina hili lilitangulia kwa mbali mashamba yenyewe, kwa kuwa mikarafuu, ambayo kwao ni visiwa vya Maluku, ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kilimo chake kikapanuka katika enzi ya Seyyid Said. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya mbele. Kwa wanawake wa visiwani matokeo ya historia hii yalikuwa dhahiri: kiungo kilichokuwa bidhaa ya ng'ambo kikawa kitu cha kuokotwa uani.

Uwatu nao unaonyesha uhusiano wa pwani na Oman. Mbegu hizi, ambazo Waarabu huziita *hulba*, hupewa wazazi huko Oman baada ya kujifungua. Pwani ya Afrika ya Mashariki pia unajulikana kuwa dawa ya wanawake. Hapa tena matumizi yanafanana lakini majina yanatofautiana.

Ushahidi ulio mzito zaidi, hata hivyo, hauko katika majina ya mimea. Uko katika maneno *moto* na *baridi*. Tiba ya Wayunani, iliyopanuliwa na wataalamu walioandika kwa Kiarabu, na hasa Ibn Sina (980–1037) katika kitabu chake *Qanun*, iliugawa mwili na vyakula kwa sifa nne: moto, baridi, unyevu na ukavu. Maradhi ya baridi hutibiwa kwa vitu vya moto. Kwamba nadharia hii ilifika pwani na kukaa katika vinywa vya watu wasiosoma Ibn Sina kunathibitishwa na jina la ugonjwa wa viungo vya mwili, *baridi yabisi*, ambalo ni Kiarabu kitupu chenye maana ya baridi na kavu, yaani sifa mbili kati ya zile nne. Anayesema leo kwamba tumbo lake *limeingia baridi* na kwamba anataka kitu cha kulipasha moto anaendeleza mantiki hiyo hiyo. Tangawizi, mdalasini na karafuu vyote vilihesabiwa kuwa vya moto. Kwa hiyo kuchaguliwa kwao hakukuwa kwa kubahatisha, wala hakukutokana na ladha peke yake.

5. Chai na mchaichai

Jina *chai*, ambalo leo hufunika vinywaji hivi vyote, ni geni kuliko vinywaji vyenyewe. Kiarabu sanifu husema *shai*, kwa kuwa hakina sauti *ch*. Kiswahili kilipokea sura yenye *ch*, inayosikika kwa Waajemi, kwa watu wa Bara Hindi na hata kwa Waarabu wa Ghuba. Mchai wenyewe ulipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na baada ya mashamba makubwa ya Kericho kuanza katika miaka ya 1920, majani ya chai yakaenea hata katika nyumba za watu wa kawaida.

Kuenea huko kulibadilisha msamiati wa dawa. Kinywaji kilichokuwa *maji ya tangawizi* au *dawa ya kunywa* kikaanza kuitwa *chai ya tangawizi*, hata pale ambapo hakikutiwa jani la chai. Ushahidi wa wazi ni *mchaichai*, jina la majani marefu yenye harufu ya ndimu. Urudufishaji wa Kiswahili mara nyingi huleta maana ya kufanana au kukaribia: *majimaji* ni hali ya kuwa na maji, si maji yenyewe. Vivyo hivyo *mchaichai* ni mmea wa kitu kinachofanana na chai. Haliwezi kuwa neno la zamani kuliko *chai*. Na kwa kuwa limeundwa kwa kanuni za Kiswahili, linaonyesha wasemaji wakiupanga mmea katika kundi jipya la vinywaji.

Badiliko hili lilikuwa na faida ya kijamii. Anayesema anakunywa dawa huulizwa anaumwa nini. Anayesema anakunywa chai haulizwi kitu. Mwanamke aliyekuwa na maumivu akapata jina la kinywaji lisilomfichua mbele ya wakwe, wageni au watoto. Katika mwezi wa Ramadhani tu ndipo sitara hii ilipokosa nguvu, kwani mwenye kunywa mchana hujulikana, na hivyo ikawa desturi kunywa faraghani japokuwa sheria inamruhusu.

6. Walimu na ukimya wa maandishi

Elimu hii ilirithishwa na wanawake maalumu. *Kungwi*, au *somo* kama aitwavyo katika sehemu nyingi za pwani, alimfunza mwari aliyevunja ungo usafi, adabu, mambo ya unyumba na namna ya kujitunza katika siku zake. *Mkunga* alihusika na uzazi na maradhi yake. Mafunzo ya unyago yalikuwa ya siri, na sehemu kubwa yake ilitolewa kwa nyimbo na mafumbo. Marja-Liisa Swantz, katika utafiti wake juu ya Wazaramo uliotolewa mwaka 1970, na Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, wameeleza uzito wa taasisi hizi katika maisha ya wanawake.

Elimu ya siri haiandikwi kwa urahisi. Hata mwanamke aliyekuwa na kalamu hakuiandika. Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alimwachia wasia wa dini, adabu na ndoa. Mambo ya chango na tangawizi hayakuhitaji utenzi. Yalikuwa na walimu wake uani.

Wakati huo huo kamusi zilikuwa zikitungwa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882. Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Madan alitoa kamusi mwaka 1903, na mwaka 1939 zikatoka kamusi ya Johnson, chini ya Kamati ya Lugha, na ile ya Padri Sacleux kwa Kifaransa. Kazi hizi zinastahili heshima kubwa, na Sacleux, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alihifadhi majina mengi ya miti ambayo vinginevyo yangesahaulika. Lakini watungaji wote hawa walikuwa wanaume, wengi wao watu wa kanisa, na walimu waliowategemea walikuwa aghalabu wanaume wenzao. Hata *Desturi za Waswahili*, kitabu chenye thamani kubwa alichokitoa Velten mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, kinaeleza mambo ya unyago kwa kalamu ya waliosimama nje ya mlango.

Matokeo yake ni kwamba majina ya mimea yamehifadhiwa vizuri kuliko matumizi yake, na matumizi ya jumla vizuri kuliko ya wanawake. Maana ya tatu ya *chango*, inapotajwa, hutajwa kwa maneno machache. Vitenzi vya maumivu havikukusanywa pamoja. Kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel ya kurekodi masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991, ilionyesha ni mengi kiasi gani hupatikana mwanamke anapoulizwa na mwanamke mwenzake na maneno yake kuandikwa kama alivyoyasema.

7. Mizani ya utafiti wa kisasa

Je, vinywaji hivi vinasaidia? Swali hili limejibiwa kwa sehemu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Iran ambamo wanafunzi wanawake 150 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa unga wa tangawizi miligramu 250 mara nne kwa siku kwa siku tatu tangu hedhi ilipoanza, na mengine mawili yakapewa dawa za kawaida za hospitali. Nafuu haikutofautiana sana baina ya makundi. Uchunguzi mpana wa jumuiya ya Cochrane wa mwaka 2016, uliopitia majaribio 27 ya mimea na virutubishi, ulitaja tangawizi na uwatu miongoni mwa vitu vilivyoonyesha dalili za kufaa, lakini ukasisitiza kwamba ushahidi ulikuwa haba na wa kiwango cha chini. Tena yafaa itofautishwe: kilichopimwa Iran kilikuwa unga katika vidonge, wala si chai iliyochemshwa kwa kipimo cha mkono.

Joto lenyewe pia limeonyeshwa kupunguza maumivu haya linapowekwa juu ya tumbo, jambo ambalo wanawake wa pwani, waliozoea *kukanda* kwa maji ya moto, wasingelishangaa. Mipaka ya tiba hii nayo haina budi kutajwa. Baadhi ya mimea ya moto huaminiwa kuteremsha damu iliyochelewa, na kwa sababu hiyo makungwi wenyewe hutahadharisha wajawazito. Isitoshe, chini ya jina *chango* huweza kujificha ugonjwa mkubwa kama vile uvimbe wa mji wa mimba au endometriosisi. Maumivu yanayozidi mwezi hata mwezi, au yanayomzuia mwanamke kazi na masomo, yanahitaji daktari, na chai isiwe sababu ya kumchelewesha.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msamiati wa maumivu ya hedhi na vinywaji vyake ni hazina ya historia. *Mdalasini* umebeba njia ya Uajemi na Uarabuni. *Baridi yabisi* limebeba tiba ya Ibn Sina. *Mchaichai* limebeba ujio wa chai. Na *chango* limebeba nadharia ya wanawake juu ya miili yao wenyewe. Imeonyeshwa pia kwamba hazina hiyo iliingia katika kamusi nusunusu, kwa sababu waliouliza na walioulizwa hawakuwa wenyewe.

Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu kabla ya kuwa ya madaktari. Vitabu vya afya vya siku hizi vimechagua tamko *maumivu ya hedhi*, ambalo ni sahihi na la adabu, lakini mwanamke anayeumwa hasemi hivyo kila mara. Atasema chango, atasema msokoto, atasema kiuno kinamvunjika. Kamusi ya istilahi za tiba isiyoyaweka maneno haya kando ya istilahi rasmi, na kueleza tofauti zake za lahaja na za maana, itamfaa mwandishi wa kitabu lakini haitamfaa muuguzi wa zahanati. Makungwi na wakunga wenye kuyajua maneno hayo wanazidi kuwa wachache kila mwaka. Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwa mtungaji wa kamusi, kutowauliza wakunga ni kuwatukana kwa namna nyingine, na hasara yake itampata msichana atakayefika zahanati akiwa na maumivu, akalitaja kwa jina alilofunzwa na bibi yake, na asieleweke.